Nani Atatangulia Kutoka Lamadi?

Mbio za baiskeli zikishatangazwa hapa Bariadi, kibanda changu cha ufundi hugeuka kijiwe. Wanakuja wenye pancha na wasio na pancha, na swali ni lile lile: "Fundi, safari hii nani?" Wananiuliza mimi kwa sababu baiskeli nyingi za washindani hupita mikononi mwangu siku mbili tatu kabla ya mbio, na kwa sababu wanajua habari za kaunta buku ninalolificha chini ya sanduku la spana. Humo nimeandika mbio nilizoziona kwa macho yangu: nani alikuwa wa ngapi, njia ipi, upepo ulitoka wapi, alipanda baiskeli gani, alianguka au hakuanguka. Mke wangu analiita daftari la madeni ya watu ambao hatuwadai.

Kazi hii ya kumsoma mshindani kabla hajashindana sikuianzia kwenye baiskeli. Niliianzia kwenye farasi, na hapo ndipo wasikilizaji wangu wanapocheka, maana Simiyu farasi hatuna. Ng'ombe wamejaa, punda wa mikokoteni tunao, lakini farasi kwetu ni mnyama wa kwenye picha. Ujanani nilifanya kazi Nairobi, kwenye duka la spea jirani na Ngong Road, na Jumapili zenye mbio nilikuwa nakwenda kwa miguu hadi uwanja wa farasi. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1954, uko chini ya Jockey Club of Kenya, na ndiko inakokimbiwa Kenya Derby, mbio za meta 2,400 za farasi wa umri wa miaka mitatu. Mara ya kwanza nilikwenda kutazama kofia za kina mama wa Kizungu. Nikaendelea kwenda kwa sababu ya mzee mmoja, saisi mstaafu, aliyependa kusimama kwenye uzio wa pale farasi wanapozungushwa kabla ya kuingia uwanjani.

Mzee yule alikuwa na kile kijitabu cha ratiba ya siku. Kila farasi ameandikiwa namba yake, joki wake, mkufunzi wake, uzito atakaobeba, na mstari wa tarakimu zinazoonyesha alikuwa wa ngapi katika mbio zake za karibuni. Watu wengi walitazama tarakimu hizo tu. Moja, moja, mbili: huyu ni moto, mpe fedha. Saba, tano, nane: huyu achana naye. Mzee alikuwa akiziziba kwa kidole gumba. "Kijana, usinitajie alikuwa wa ngapi. Nitajie alikimbia na nani, alikimbia wapi, na mgongoni alibeba nini."

Somo lake lilikuwa hivi. Farasi aliyekuwa wa saba kwenye meta 2,400 huenda aliishiwa pumzi kwa sababu yeye ni wa meta 1,200. Mrudishe kwenye umbali wake utamwona mwingine. Aliyekuwa wa kwanza huenda alishindana na dhaifu watupu. Ardhi nayo ina neno lake: yupo anayependa nyasi zilizonyeshewa na yupo anayetaka ardhi kavu inayorudisha mguu juu. Halafu kuna uzito. Katika mbio nyingi za farasi, aliye bora hubebeshwa mzigo zaidi makusudi, vipande vya risasi vikipachikwa kwenye tandiko, ili wote wakaribiane. Kwa hiyo aliyeshinda majuzi anarudi na mzigo mkubwa zaidi, na aliyepitwa kwa urefu wa shingo tu anarudi na ule ule au pungufu. Anayesoma tarakimu peke yake atamfuata mshindi. Anayesoma mzigo atajiuliza kilo zile za nyongeza zitakula hatua ngapi.

Akimaliza karatasi, mzee alikuwa anamtazama mnyama mwenyewe. Manyoya yanang'aa au yamefifia? Anatembea kwa kujinyoosha au anakokota mguu wa nyuma? Ametoa povu la jasho shingoni kabla hajakimbia? Wa namna hiyo, mzee alikuwa anasema, ameshazimaliza mbio zake akiwa amesimama.

Niliporudi nyumbani nilikuta mashindano ya kwetu ni ya baiskeli, na somo lile lile likanifaa. Usukuma ni nchi ya baiskeli tangu zamani. Fedha ya pamba ilinunua ng'ombe, bati na baiskeli, na Phoenix au Swala iliyobeba gunia kwenda kwenye mzani ndiyo iliyobeba mgonjwa, maji na bibi harusi. Mkoa wa Simiyu ulipomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, Bariadi ikawa makao makuu, na hamu ya mashindano ikakua pamoja na mji. Tamasha la Simiyu Jambo liliweka baiskeli na ngoma za asili siku moja na mahali pamoja. Huko Mwanza kumekuwa na mbio ndefu za barabarani zinazokaribia kilometa 200, na vijana wetu huenda. Msimu wake ni kiangazi, mavuno yakishatoka shambani, na hilo nalo ni sehemu ya hesabu, nitaeleza.

Nianze na jioni ya kuamkia mbio, kwa sababu hapo ndipo mimi naona zaidi ya mtu wa kando ya barabara.

Baiskeli ikiletwa sitazami rangi wala jina la fremu. Naipindua, miguu juu, nazungusha gurudumu la nyuma kwa nguvu na kusogeza sikio kwenye habu. Gololi nzima zenye grisi safi hutoa mvumo laini unaofifia polepole. Gololi iliyopasuka hugonga, tena kwa mpigo. Naacha gurudumu lizunguke hadi lisimame lenyewe. Likisimama kwa kurudi nyuma kidogo, kama mizani inayotafuta usawa, beringi ni nzuri. Likikwama ghafla, mwenye baiskeli ataendesha njia nzima huku breki imekamata bila yeye kujua. Kisha napima cheni. Chukua rula: pingili 24 za cheni mpya ni inchi 12 kamili. Zikizidi hata kwa moja ya nane ya inchi, cheni imekwisha, itaruka kwenye meno siku atakaposimama kwenye pedeli kupanda kilima. Nimewaona vijana wenye mapafu ya ajabu wakishuka kusukuma kwa sababu ya ile moja ya nane.

Baada ya hapo namwambia mwenyewe akae juu ya kiti, nimshikie. Kisigino kwenye pedeli, pedeli ikiwa chini kabisa, goti linatakiwa kunyooka. Goti likibaki limekunjwa sana, najua mambo mawili: kiti kiko chini, na pengine baiskeli ni ya kuazima. Baiskeli ya kuazima naiandika kwenye kaunta buku kwa kalamu nyekundu. Mtu anaweza kuwa na nguvu za kutosha, lakini baada ya kilometa 80 kiuno na magoti huanza kumdai, na hakuna mazoezi yanayozuia hilo.

Mtu mwenyewe je? Natazama midomo kama imekauka. Namuuliza ametoka wapi na amefikaje. Kuna kijana wa upande wa Meatu aliyewahi kuwa wa nne. Magazetini hakutajwa, picha hakupigwa. Ila mimi nilijua kwamba alikuja Bariadi kwa baiskeli siku moja kabla kwa kukosa nauli, akalala sakafuni kwa ndugu, asubuhi akapanga mstari na waliolala nyumba ya wageni. Ukiziba ile "wa nne" kwa kidole gumba kama saisi, unabaki na farasi aliyebeba risasi nyingi kuliko wote. Mbio zilizofuata, kuna mtu wa mji wake aliyemchangia nauli na chakula. Waliokuwa kijiweni kwangu hawakushangaa alipotangulia.

Namuuliza pia kuhusu homa. Aliyetoka kwenye malaria wiki mbili zilizopita anaweza kujisikia mzima kabisa, akacheka, akapiga mazoezi mafupi vizuri, lakini damu yake bado ina upungufu, na damu ndiyo inayobeba hewa kwenda kwenye misuli. Huyo ataonekana mzuri kilometa 40 za kwanza. Na namuuliza kuhusu shamba: umemaliza kuchuma lini? Kuchuma pamba kwa majuma ni kuinama kutwa. Anayetoka shambani moja kwa moja ana roho ngumu lakini mgongo umechoka. Anayependeza kwa macho yangu ni yule aliyemaliza mapema, akapata wiki kadhaa za kuendesha. Wabeba abiria na wachuuzi wa mkaa wana faida nyingine. Mtu aliyezoea kusukuma kilo 80 za mzigo nyuma ya karia ana mapaja ambayo huwezi kuyanunua. Kasoro yake ni kwamba amezoea mwendo mmoja. Kundi likichomoka ghafla anabaki anawatazama, kisha anawakuta mbele wamechoka. Mbio zikiwa ndefu na ngumu, mtaje. Zikiwa fupi na tambarare, muache.

Halafu kuna njia. Waandaaji hubadilisha njia kila wanapoona vema, kwa hiyo nitumie barabara ambayo vijana wengi huifanyia mazoezi, ya Bariadi hadi Lamadi, kilometa zipatazo 72 za lami, kwenda na kurudi karibu 144. Unatoka mjini, unapita Nyakabindi yenye uwanja wa Nanenane, unapita Dutwa, unaingia Busega, hadi njia panda ya Lamadi ambako barabara inaungana na ile ya Mwanza na Musoma, ziwa likiwa upande mmoja na Serengeti upande mwingine.

Mto Simiyu unamwaga maji yake Ziwa Victoria. Kutoka huku kwetu kwenda ziwani, basi, kwa jumla unateremka, na kurudi unapanda, hata kama macho yanakuambia ni tambarare. Kijana mgeni hufika Lamadi akiwa na tabasamu, amekwenda kwa kasi ambayo hajawahi kuiona maishani, akidhani ni miguu yake. Ni mteremko. Akigeuza ndipo deni linaanza kulipwa, na jua limeshapanda. Pwani ya ziwa upepo nao una zamu: asubuhi na mapema huvuma kutoka nchi kavu kwenda majini, mchana unageuka kutoka majini. Ukishaacha ziwa nyuma, upepo wa kiangazi unaotoka kusini-mashariki unaweza kukusimamia kifuani hadi nyumbani.

Upepo ndio mzigo halisi wa mwendesha baiskeli. Ukiongeza mwendo mara mbili, hewa haikusukumi mara mbili, inakusukuma mara nne. Kwa kasi ya kilometa 35 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa ya jasho lako inaishia kwenye hewa, siyo kwenye lami. Anayekaa mgongoni kwa mwenzake, gurudumu lake likiwa karibu kugusa la mbele, anaokoa robo ya nguvu zake, wakati mwingine theluthi. Ndiyo maana nikiambiwa fulani aliongoza kwa kilometa 100 akashindwa mwishoni na mtu aliyejificha nyuma yake njia nzima, mimi naandika jina la aliyeongoza kwa herufi kubwa. Aliyejificha alikuwa na akili, sikatai, na akili nayo ni fomu. Ila aliyeongoza akipata wenzake wawili wa kupokezana naye, hakamatiki.

Hapo wengi wanasahau kuhesabu wenzake. Mbio za barabarani zinaitwa za mtu mmoja mmoja, lakini vijana wanne wa klabu moja au kijiji kimoja wanaweza kumchosha mbabe asiye na mtu: mmoja anachomoka, mbabe anamfuata, akimkamata, wa pili anachomoka. Kabla sijamtaja mshindi huwa nauliza nani amekuja na nani. Nauliza pia nani ana ugomvi na nani, maana watu wawili wanaochukiana hawapokezani upepo, na wa tatu hupita.

Septemba 2025 dunia nzima ya baiskeli ilikuja jirani hapa Kigali, mashindano ya dunia ya barabarani kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Tulitazama kwenye simu za watu pale kibandani, betri zikifa moja baada ya nyingine. Tarehe 21 zilikuwa mbio za kila mtu peke yake dhidi ya saa. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alimkuta na kumpita njiani Tadej Pogačar wa Slovenia, bingwa wa Tour de France, aliyekuwa ametangulia kuanza dakika mbili na nusu kabla yake. Kijiweni kwangu wakasema Pogačar amekwisha, ametoka Ufaransa amechoka. Mimi nikauliza: Jumapili ijayo wanakimbia nini? Wanakimbia kilometa 267 za vilima juu ya vilima, kwenye kundi, siyo mbio za saa. Ni umbali mwingine na mchezo mwingine. Tarehe 28 Pogačar akabaki peke yake zikiwa zimesalia kilometa 66, akashinda. Evenepoel akawa wa pili. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu.

Lakini siku moja kabla ya hapo, mbio za wanawake zilimpa somo kila anayejiita mtabiri. Wale waliotajwa na kila mtu walitazamana. Hakuna aliyetaka kufanya kazi ya kumkokota mwenzake, na kundi dogo la mbele likaenda zake. Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye karibu hakuna aliyemtaja, akawa bingwa wa dunia. Ilikuwa bahati? Nadhani bahati ilikuwa sehemu tu. Alikuwa na miguu ya kuwamo kwenye kundi la mbele saa ile, na wale wakubwa walifungwa na majina yao wenyewe. Kwenye kaunta buku langu nina alama ya watu wa namna hii: wasiochungwa. Mshindani anayejulikana na wote hawezi kuchomoka bila kufuatwa na watu kumi. Asiyejulikana anaruhusiwa kwenda, watu wakisema atarudi tu. Wengine hawarudi.

Kwetu mwanamke anayeshindana asomwe kwa makini zaidi, maana rekodi yake ndiyo inayodanganya kuliko zote. Wasichana wengi hupata baiskeli nzuri siku ya mbio tu, ya kaka au ya mjomba, na mazoezi yao ni safari za kuteka maji na kupeleka wadogo shule. Akiwa wa tano katika hali hiyo, usimdharau. Siku atakapopata baiskeli yake mwenyewe, yenye kiti cha kimo chake, nafasi ya tano haitamtosha.

Chakula nacho kinasomeka. Mwili unahifadhi sukari ya misuli ya kutosha saa moja na nusu, mbili hivi za kazi kali. Mbio za saa nne zinataka mtu ale njiani kabla hajasikia njaa, kwa sababu njaa ikishasikika imechelewa. Natazama mifuko ya mgongoni. Ndizi mbivu, glukosi ya kwenye maji, ni sawa. Wapo wanaobeba matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na mimi nawapa alama kwa hilo: ni vikavu, vitamu, havipondeki, na bibi amevitengeneza nyumbani. Aliyebeba soda moja tu na matumaini, namuombea.

Mambo ya dawa sitayaruka, maana Usukuma bila dawa haijaelezwa. Tuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Wagika na Wagalu, ushindani wao ni wa tangu karne ya 19, na kwenye sherehe kama Bulabo ya Bujora kule Kisesa bado wanapambana. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na aliyevuta watu wengi upande wake ndiye mshindi. Waganga wao hutengeneza dawa za kuvuta watu, na wachezaji hubuni vituko, wanashika nyoka, wanashika fisi. Sasa mtu aliyekulia katika ushindani huo akija kwenye baiskeli, huja na mazoea kwamba mwenye watu ndiye mwenye ushindi. Anamwona kijana anayeshangiliwa kuanzia Somanda hadi stendi, anasema huyu ndiye. Kwenye ngoma angekuwa sahihi, maana mashabiki ndio mizani yenyewe. Barabarani mashabiki hawampunguzii mtu upepo. Na nikikuta hirizi imefungwa chini ya kiti siitoi. Ina gramu chache, na kijana anayeamini amelindwa atachomoka mapema bila woga. Naandika: "anajiamini."

Nizungumzie na fedha, kwa sababu siku hizi swali la nani atashinda linaulizwa na watu wenye mkeka wa kubashiri mkononi. Kubashiri kuna sheria yake, kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na mwenye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba kumjua mshindi na kupata faida ni mambo mawili. Tuchukue mshindani ambaye kweli, bila ushabiki, ana nafasi moja kati ya mbili. Unaweka 1,000, akishinda unarudishiwa 1,500. Fanya hivyo mara kumi. Umetoa 10,000, ameshinda mara tano, umepata 7,500. Ulimsoma vizuri na bado umepoteza 2,500, kwa sababu bei ilikuwa mbaya. Kwenye mbio za farasi duniani, farasi anayependwa na wengi hushinda takribani mara moja katika kila mbio tatu. Hiyo ni nyingi kuliko farasi mwingine yeyote, na bado anayemfuata yeye tu kila siku huishia na hasara, maana wengine wote wanamjua pia na bei yake imeshaliwa. Saisi wangu wa Ngong hakuwa tajiri. Alikuwa anaweka kidogo, mbio moja au mbili kwa siku, zile alizoona watu wamekosea, na nyingine zote alikuwa mtazamaji.

Kuna na hizi mbio za farasi za kwenye luninga, zile za katuni, zinazokimbiwa kila baada ya dakika chache. Vijana wananiletea hata hizo: "Fundi, namba nne hajashinda tangu asubuhi, si zamu yake?" Yule siyo farasi. Hana mguu, hana joki, hajala, hajaugua, na mbio zilizopita hazikumchosha. Kompyuta inachagua kwa bahati nasibu, na kila mchezo unaanza upya bila kukumbuka uliopita, huku mgao wa mwenye mashine ukiwa umeshakatwa ndani ya bei. Hakuna fomu ya kusoma pale. Kaunta buku langu halina ukurasa wa farasi hao.

Basi wakiniuliza nani, jibu langu huwa majina matatu, siyo moja, na kila jina lina masharti. Huyu, kama upepo wa kurudi utakuwa kifuani na kundi litavunjika mapema. Yule, kama watafika pamoja hadi mjini, maana ana mbio fupi za mwisho. Na huyu wa tatu asiyechungwa, kama wale wawili watatazamana. Kijiwe hakipendi jibu hilo, kinataka jina moja. Mimi nakwenda kusimama kwenye vilima vya upande wa Ngasamo wakati wa kurudi, siyo kwenye utepe wa kumalizia, kwa sababu pale mlimani unamwona anayepumua kwa mdomo na anayepumua kwa pua, anayetikisa mabega na aliyetulia.

Nina ombi kwa waandaaji wa mbio, kwa Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA, na kwa maofisa michezo wa wilaya zetu tano. Mbio zikiisha, yanatangazwa majina matatu, zawadi zinatolewa, na karatasi inapotea. Aliyekuwa wa nne kutoka Meatu haandikwi popote. Andikeni muda wa kila aliyefika, wanaume kwa wanawake, na njia, na hali ya hewa, na aina ya baiskeli. Bandikeni karatasi hiyo ukutani kwenye ofisi ya halmashauri, ikae hapo hadi mwaka mwingine. Kama mnahitaji ya kuanzia, kaunta buku langu liko kibandani, mje na kalamu mnakili.